Maji ya kuosha tangi la choo yasirudi kwenye robine: somo la fundi mmoja wa Mugunga

Goma, Kivu Kaskazini – Katika kartye nyingi za Goma, mtu akitaka kuchimba choo, jembe linagonga jiwe kabla shimo halijafika magotini. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kwenye viunga vya mji. Watu walijenga tena juu ya jiwe jeusi kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Lakini jiwe halikubali shimo. Basi choo kinapandishwa juu: ngazi nne au tano, sakafu ya mbao au ya simenti, kuta za mbao au za shitingi, na chini yake tangi la plastiki linalopokea kila kitu.

Ndugu waliopita kambini wanakijua choo cha namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kambi nyingi kuvunjwa, familia nyingine zilirudi vijijini, na nyingine, ambazo hazikuwa na nyumba ya kurudia, zilijibana kwenye parseli za wenyeji. Choo kilichojengwa kwa ajili ya familia moja au mbili sasa kinabeba sita.

Kuna parseli moja Mugunga yenye hali hiyo. Watu wanaolala humo ni karibu 40. Kanuni zinazofuatwa na mashirika ya kibinadamu zinasema choo kimoja kisizidi watu 20. Hapo kiko kimoja tu, na tangi lake ni la lita 2,000. Katika parseli hiyo anaishi fundi wa tiyo, baba wa watoto watano, aliyekimbia kutoka upande wa Sake. Mama mwenye parseli hamtozi kodi kamili. Badala yake, kitu kikiharibika, fundi anakitengeneza. Ndivyo tangi la choo lilivyokuwa kazi yake, bila yeye kuichagua.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mtu mmoja, mkojo na choo kikubwa pamoja, anatoa karibu lita moja na nusu kwa siku. Watu 40 ni lita 60. Lita 2,000 zinapaswa kutosha siku 33, yaani mwezi na kidogo, kama watu hawamwagi maji mengine humo. Lakini tangi lilikuwa linajaa baada ya wiki tatu. Mama mwenye parseli alifikiri wanaovuta kwa kamio wanamdanganya, wanavuta nusu na kuondoka. Siku moja, kamio ilipomaliza, fundi alimulika kwa taa ya simu kupitia tundu la choo. Aliona kwamba watu wa kamio hawakudanganya. Maji yote yalikuwa yamekwenda. Kilichobaki ni kilima.

Chini ya tundu, pale ambapo kila mtu anaangushia, uchafu mgumu ulikuwa umepanda kama kichuguu. Bomba la kamio linavuta kinachotiririka. Kilichoganda linakizunguka tu na kukiacha. Kila mwezi kilima kinaongezeka, na nafasi ya tangi inapungua. Zaidi ya theluthi moja ya tangi ilikuwa haifanyi kazi tena, na mama wa watu alikuwa analipa kamio kabla ya wakati.

Vijana wawili wa parseli jirani walijitolea kuingia na sepetu kwa malipo kidogo. Fundi alikataa palepale, na vijana wakamkasirikia, wakidhani anawanyima kazi. Hapa ni lazima kila mtu asikie vizuri: hakuna mtu anayepaswa kuingia ndani ya tangi la choo, hata likionekana tupu, hata kwa dakika moja. Uchafu unaooza unatoa gesi. Moja ya gesi hizo inanuka kama yai viza mwanzoni, halafu inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani imeisha. Anaanguka. Anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Hakuna ujira unaolingana na hilo.

Basi kilima kiondolewe vipi na mtu akiwa nje?

Jibu la kwanza lilitoka mbali. Fundi ana mdogo wake aliyepitia kambi ya Nakivale, Uganda, kisha akapelekwa Marekani pamoja na mke wake. Kwa miaka kadhaa mdogo huyo alikuwa akisema kwamba anafanya kazi “kwenye hoteli ya magari”. Mama yao mzazi alikuwa anawaambia majirani kwamba mwanae ni mtu wa hoteli huko Ulaya, na hakuna aliyemsahihisha, si jina la kazi wala jina la bara. Fundi alipotuma ujumbe wa sauti kueleza shida ya tangi, akiomba radhi kwa kuzungumza habari za choo na mtu aliyefanikiwa, mdogo wake alinyamaza siku nzima. Kesho yake akajibu: “Yaya, usiombe radhi. Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Ile hoteli ni uwanja wa magari-nyumba. Mimi ndiye naonyesha watu namna ya kumwaga na kuosha tangi la choo.”

Kutoka siku hiyo, ndugu hawa wawili waliongea kwa simu kuliko walivyoongea katika miaka mitatu iliyopita.

Gari-nyumba ni gari, au tela linalovutwa na gari, ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, bafu na choo. Wamarekani wengi husafiri nalo, na wengine, hasa wazee waliostaafu na watu waliolemewa na kodi ya nyumba, huishi humo mwaka mzima. Chini ya sakafu yake mna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili, wanaliita tangi la kijivu, linapokea maji ya kuoga na kuoshea vyombo. La tatu, wanaliita tangi jeusi, ni la choo. Tangi jeusi ni dogo, mara nyingi lita 110 hadi 150. Likijaa, gari linapelekwa kwenye sehemu ya kumwagia, tiyo nene ya inchi tatu inaunganishwa, vane inafunguliwa, na uchafu unashuka kwenye mtaro mkuu wa mji.

Na huko, katika nchi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kila kitu, kuna kilima kilekile. Mdogo mtu alieleza kwamba wageni wa magari hayo huacha vane ya tangi jeusi wazi siku zote, wakifikiri wanapunguza kazi. Maji yanatoka polepole, yabisi inabaki, inakauka na kupanda mpaka kwenye tundu. Wanaojua huacha vane imefungwa, hungoja tangi lifike theluthi mbili, halafu hufungua kwa mara moja ili maji mengi yashuke kwa nguvu na kubeba yabisi. Halafu huosha.

Njia za kuosha huko ni tatu. Ya kwanza ni fimbo: mrija mrefu wenye kichwa kinachozunguka na kurusha maji, unaoingizwa kupitia choo chenyewe. Ni ya bei ndogo na haihitaji kutoboa kitu, lakini mtu lazima aipitishe ndani ya nyumba. Ya pili ni kichwa cha kurushia maji kinachofungwa ndani ya ukuta wa tangi moja kwa moja. Fundi anatoboa tundu juu ya ubavu wa tangi, mbali na kuta za ndani na mirija mingine, anakaza kichwa kwa skrubu na gundi ya kuzuia kuvuja, kisha anapeleka mrija hadi nje ya gari, ambako mwenyewe anaunganisha tiyo ya maji bila kugusa choo. Ya tatu ni kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa kumwagia, kinachorudisha maji kinyumenyume ndani ya tangi, halafu vane inafunguliwa yashuke tena. Hicho mara nyingi kina sehemu inayopitisha mwanga, na mtu anaona kwa macho maji yakibadilika kutoka meusi hadi meupe.

Fundi alipenda ya pili. Ni safi, ni ya kudumu, na inafanana na kazi aliyojifunza. Alianza hata kuchora kwenye daftari la shule la binti yake. Mama mwenye parseli naye alifurahi. Alikwenda soko la Virunga akanunua tiyo ya plastiki ya mita 15 na kichwa cha kumwagilia bustani. Wazo lake: tiyo ifungwe kwenye robine ya parseli, kichwa kiingie tangini kikae humo, na kila kamio ikija robine ifunguliwe.

Robine hiyo ndiyo wanayonywea watu 40, pamoja na majirani wa parseli mbili za upande wa chini.

Mdogo mtu, aliposikia, alipiga simu badala ya kutuma ujumbe. Alisema kwamba kitu cha kwanza alichofundishwa kazini hakikuwa kichwa cha kurushia maji, bali ni kitu kidogo cha plastiki kinachofungwa kati ya bomba la mji na tangi la choo. Kazi yake ni kuingiza hewa pale maji yanapotaka kurudi nyuma. Katika gari-nyumba kifaa hicho kinafungwa juu, kupita kimo ambacho uchafu unaweza kufika. Tena tiyo ya kuoshea choo huko ina rangi yake na mahali pake, haigusani kamwe na tiyo ya maji ya kunywa. “Yaya, hapa maji hayakatikagi, na bado wanaogopa. Kwetu je, ambako yanakatika kila siku?”

Fundi alielewa mara moja, kwa sababu ni mtu wa tiyo. Lakini kumwambia mama wa watu, aliyekwisha kutoa pesa yake sokoni, kwamba tiyo yake haifai, si jambo dogo kwa mtu anayekaa kwake karibu bure. Mke wake alimwambia anyamaze. Walikuwa wamehama mara tatu, na hakutaka ya nne isababishwe na choo.

Hakunyamaza, lakini pia hakubishana. Siku ya Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na wako uani, aliomba ndoo ya maji. Akatia ndani yake rangi ya buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, mpaka maji yakawa kama wino. Akaiweka ndoo juu ya ngazi za choo. Akafunga tiyo mpya kwenye robine, ncha ya pili akaizamisha ndani ya ndoo. Akafungua robine kidogo, maji yakapita, ndoo ikafurika. Kila mtu akaona kwamba maji yanakwenda mbele, kutoka robine hadi ndoo, kama inavyotakiwa.

Kisha akafunga vane kubwa mlangoni mwa parseli. “Sasa maji yamekatika,” akasema. Robine ya juu aliiacha wazi, kama mtu anavyoisahau maji yakikatika. Akamwomba mtoto wa jirani wa upande wa chini afungue robine yao, inayotoka kwenye bomba hilohilo. Kwanza yalitoka maji meupe. Halafu yakatoka ya buluu.

Mtoto alicheka. Watu wazima hawakucheka. Bomba likikosa msukumo, maji yanatafuta sehemu ya chini, na yakipata tiyo iliyozama ndani ya ndoo, yanainyonya ndoo. Ingekuwa tangi la choo, wangelinyonya tangi. Asubuhi maji yakirudi, wa kwanza kuteka angejaza bidoni yake, na angeipeleka moja kwa moja kwenye chai ya watoto. Fundi aliyaacha maji yakimbie muda mrefu mpaka yakarudi kuwa meupe kote, ndipo akafungua tiyo ile.

Mama mwenye parseli alikaa kimya kidogo, halafu akauliza: “Basi tiyo yangu itafanya nini?” Akaambiwa itafaa kumwagilia lengalenga, na huko pia isiachwe imezama kwenye pipa.

Wazee waliokuwepo hawakuhitaji maelezo marefu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kililipuka kati yao kwenye jiwe hilihili. Hakukuwa na mahali pa kuchimba choo, wala hata pa kuchimba kaburi. Maji yalitekwa ziwani. Katika wiki chache, makumi ya maelfu walikufa. Ugonjwa huo haukuondoka kabisa Kivu. Unakuja na kwenda, na njia yake ni ileile siku zote: uchafu wa mtu mmoja unafika kwenye kinywa cha mwingine, mara nyingi kwa maji. Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, mtoto wa parseli ya nyuma alipelekwa kituo cha matibabu ya kolera. Alirudi akiwa hai, kwa kuwa mama yake hakungoja asubuhi.

Baada ya hapo, kuchagua kukawa rahisi zaidi, kwa sababu sharti la kwanza lilijulikana: chombo cha kuoshea tangi kisiungwe na bomba la maji kwa namna yoyote. Kifaa cha kuzuia maji kurudi kinafaa kikiwa kizuri na kikikaguliwa, lakini sokoni hakipatikani kirahisi, na kikiharibika hakuna atakayejua mpaka watu waugue. Hewa kati ya maji na uchafu haiharibiki.

Sharti la pili liliwafanya ndugu wawili wacheke kwenye simu. Marekani, maji ya kuosha tangi yanakwenda mtaroni na hakuna anayeyahesabu. Goma, kila lita inayoingia tangini lazima itoke kwa kamio, na kamio inalipwa. Tena kila lita ililetwa na mtu kichwani au kwa chukudu. Kuosha kwa maji mengi kungekuwa kulipa mara mbili. Mdogo mtu alikumbusha kitu kimoja wanachofanya huko: wanamwaga kwanza tangi jeusi, halafu la kijivu, ili maji ya kuoga yasafishe tiyo iliyopitisha choo. Kwa nini maji ya kufulia ya parseli, yenye sabuni, yaliyokuwa yanamwagwa barabarani, yasifanye kazi hiyo?

Sharti la tatu ni nguvu. Fundi alifikiria kuweka pipa juu ya paa. Lakini maji yakipandishwa mita tatu yanatoa sehemu ndogo tu ya msukumo unaotakiwa. Yatalowanisha kilima bila kukivunja. Ndipo akakumbuka mashamba ya nyumbani, na pompi ya mgongoni ya kupulizia dawa viazi. Inabeba lita 16, inasukumwa kwa mkono, na inaweza kutoa msukumo unaokaribia ule wa bomba la mji. Haijui robine ni nini. Walichanga familia sita, wakanunua moja mpya, kwa kuwa iliyowahi kubeba dawa ya shamba ina hatari zake.

Kazi ya kufunga ilichukua siku moja, tena mara tu baada ya kamio kupita, tangi likiwa halina maji. Fundi alitoboa tundu juu ya tangi, upande wa pili wa tundu la choo, kwa sababu tundu likiwa chini ya kimo cha uchafu litavuja siku moja. Akaingiza kipande kifupi cha tiyo nene ya milimita 110, akaziba pembeni, akakifunika kwa kifuniko cha kuzungusha. Kupitia hapo, mtu aliyesimama nje anaweza kulenga kilima kwa ubavu. Fimbo aliitengeneza kwa bomba jembamba la chuma la mita moja na nusu, ncha yake ameiziba. Mwanzoni alitoboa matundu manne pembeni ya ncha, na maji yakawa yanalia tu, hayarushi. Pompi ya mkono haiwezi kulisha matundu manne. Alibadilisha ncha, akatoboa tundu moja dogo kama ncha ya msumari mwembamba. Maji yakatoka kama uzi uliokazwa, na lita 16 zikadumu karibu dakika nane.

Kuanzia hapo utaratibu ni huu. Tangi halingojwi lifurike. Siku moja kabla ya kamio, familia zinaleta maji ya kufulia, bidoni nne kwa jumla, yaani lita 80, yanamwagwa jioni juu ya kilima ili yalale nayo usiku. Asubuhi fundi anakoroga kwa mti mrefu. Kamio ikianza kuvuta, yeye anaingiza fimbo na kuukata ule uchafu kutoka juu kwenda chini, pompi mbili tu, lita 32. Bomba la kamio linavuta kile anachokiangusha palepale. Yote pamoja ni lita 112, haifiki sehemu moja ya kumi na tano ya tangi. Kilima cha zamani hakikuisha kwa siku moja. Kiliisha kwa kamio ya tatu. Sasa tangi linafika siku 30, na siku ambazo halijafurika ni siku ambazo hakuna uchafu unaoteremka kuelekea jikoni kwa mtu.

Mambo madogo yamebaki kuwa sheria ya parseli. Pompi imepakwa mstari mwekundu, imening'inizwa kwenye msumari wake nyuma ya choo, na haitoki kwenda shambani wala kunyunyizia klori nyumbani. Anayeishika anavaa glavu, buti na kitambaa puani, na akimaliza anaoga kwa sabuni. Matambara, pampa na mifuko ya plastiki haviingii tundu la choo, kwa maana ndivyo vinavyofunga kilima kama nyasi kwenye tofali. Kuna ndoo yenye kifuniko kwa ajili yake. Klori haimwagwi tangini kwa kuamini inaua vyote: haipenyi ndani ya yabisi, na ikichanganywa na dawa nyingine za kusafishia inaweza kutoa hewa ya sumu. Sehemu yake ni kwenye sakafu ya choo na kitasa cha mlango. Watoto hawachezi karibu siku ya kamio.

Na mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, asingoje. Anyweshwe maji yenye chumvi na sukari akiwa njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Parseli mbili za jirani zimekwisha kumwita fundi awafungie vilevile. Zote mbili zilikuwa na tiyo iliyounganishwa na robine, ncha yake imelala kwenye pipa la maji ya kufulia. Kabla ya kugusa choo, kwanza aliziondoa tiyo hizo. Malipo yake si makubwa, lakini yamemwezesha kulipa sehemu ya kodi kwa pesa, jambo ambalo mke wake alilihesabu kuliko siku 30 za tangi.

Mdogo mtu, kwa upande wake, aliomba atumiwe picha ya fimbo ya tundu moja. Aliionyesha kazini. Halafu, bila kuambiwa na mtu, alimpigia mama yao na kumweleza ile hoteli ni ya nini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wanampa glavu.